Tanneke Aliporudi kwenye Rangi

Kilichompeleka Tanneke kwenye kazi ya kuchora ni kikohozi. Baba yake alikuwa fundi matanga, na nyumba yao ilikuwa na ukuta uliotoa maji mwaka mzima. Kila baridi ilipoingia mji wao wa Middelburg, kifua cha mtoto kilianza kukoroma kama paka. Mama yake alihangaika naye kwa asali, kwa mafuta ya bata, kwa kila alichoambiwa na kila aliyepita mlangoni. Mwisho akamshika mkono, akavuka naye barabara mpaka kwa mzee Lambrecht, mchora maua. Kwa Lambrecht moto haukuzimwa, maana mbao zilizopakwa rangi ya mafuta hazipatani na unyevu.

"Akae tu pembeni," mama alisema. "Hatakusumbua. Hata kusema hajui."

"Kama hajui kusema atanifaa," Lambrecht akajibu. "Huyu wangu anasemea mtaa mzima."

Huyu wake alikuwa Jozina, msichana mrefu aliyemzidi Tanneke miaka michache. Mama yake alifariki mapema, na tangu hapo alikuwa akizungumza na chochote kilicho karibu, kiwe paka au sufuria. Alimpokea mgeni kana kwamba ameletewa ndugu. Akamkalisha karibu na moto, akamzungushia shali yake mwenyewe, akamwekea mbele sahani yenye mbawakawa aliyekufa na kipande cha chaki.

"Mchore," alisema. "Huyu hatakimbia."

Tanneke akamchora. Akamchora tena. Kikohozi kilipopona hakuna aliyekumbuka kumrudisha kwao, na yeye hakuwakumbusha. Lambrecht akawafundisha wote wawili kama watoto wa tumbo moja: kusaga rangi juu ya jiwe mpaka vidole visisikie tena chembe, kuupaka ubao rangi ya chini na kuuacha ukauke, kutazama kabla ya kugusa. Na kungoja, jambo ambalo ndilo lilikuwa gumu. Tulipu lina mwezi wake, waridi lina mwezi wake, zabibu zina mwezi wake, na anayetaka kuvikusanya vyote kwenye meza moja hana budi ubao wake usimame ukimsubiri kuanzia masika mpaka vuli. Jozina alikuwa akisubiri huku anapiga soga. Tanneke alikuwa akisubiri kimya, akitazama matone ya maji yanavyoteremka kwenye shina.

Mzee Lambrecht alipofariki, chama cha wachoraji kilimruhusu Jozina akae kwenye nafasi ya baba yake, kwa kuwa kazi yake ilikwishajulikana na hakuwa na mume wala kaka. Tanneke yeye aliolewa na Marinus, fundi mapipa. Marinus alikuwa kijana mpole mwenye mikono kama makasia, na maneno aliyatoa kwa shida, kama anayatoa mfukoni mwa mtu mwingine. Walipendana. Hilo Tanneke hakulitilia shaka hata siku moja.

Na hakuna aliyemkataza kuchora. Angekatazwa pengine angepata wa kumkasirikia. Ni kwamba alizaliwa Job, na Tanneke akasema, akiacha kunyonya nitarudi. Kabla Job hajaacha kunyonya walikuwa njiani mabinti pacha. Kisha akaja mtoto waliyemzika kabla hajajua kukaa, na mwaka ule Tanneke hakusema atarudi wapi wala lini. Kisha akaja Krijn. Brashi zake zilihamia kwenye gudulia la miiko jikoni, na moja ya zile nzuri, ya manyoya laini, ikawa ya kupakia yai juu ya mkate. Siku moja sokoni alijikuta ameshika plamu ya zambarau yenye ukungu wake mweupe bado haujaguswa, akawaza tu kama zitatosha watoto wanne. Hakuumia. Aliumia baadaye, nyumbani, alipokumbuka kwamba hakuumia.

Jozina alikuwa akija kuwatembelea mara kwa mara, kisha ghafla akaadimika. Baridi nzima hakuonekana. Masika yalipoanza, asubuhi moja alisukuma mlango wa jikoni, akavua mitalawanda yake kizingitini, akaingia, mikono ameificha chini ya aproni.

"Umekuja kula au umekuja kukagua?" Tanneke alimuuliza kwa uchungu kidogo. "Maana njia yetu nilidhani umeisahau."

"Nimekuja kuomba," Jozina akasema.

Akatoa mkono wake wa kulia akauweka mezani, kati ya unga na maganda ya mayai. Ulikuwa ukitikisika polepole, kidole gumba kikizunguka juu ya kile cha kwanza, kama mtu anayeviringisha kitu kisichoonekana.

Tanneke aliufunika kwa mkono wake. Chini ya kiganja chake ule mkono uliendelea kutikisika.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu vuli. Nikinyanyua kitu kizito unatulia. Nikishika brashi, ndipo unacheza ngoma." Jozina alijaribu kucheka. "Bibi Adriana ameniagiza picha kubwa. Maua na matunda, ya kuning'iniza kwenye chumba anachowekea kombe zake za baharini. Ubao nimeuandaa, vitu vyote nimevipanga, majani ya nyuma nimeyaweka. Yale makubwa nayaweza. Lakini mstari mwembamba, Tanneke, ukingo wa jani, unywele wa nyuki... siwezi. Jicho linaona, mkono unakataa."

"Mimi sijashika rangi tangu Job azaliwe."

"Najua."

"Ninapaka mayai kwenye mikate, dada. Ndiyo kazi ya brashi yangu."

"Basi mikate hiyo lazima ni mizuri! Ndiyo maana Marinus amenenepa." Kisha sauti ikamshuka. "Sina mwingine wa kumwambia. Sisi wawili ndio tuliofundishwa na mtu mmoja."

Ndipo kikasikika kikohozi cha makusudi upande wa moto. Bibi Pieternella, mama yake Marinus, alikuwa amekaa palepale tangu mwanzo, miguu juu ya kisanduku cha makaa ya moto, akimenya maharage. Tanneke aligeuka. Mama mkwe wake huyu alikuwa mwanamke ambaye hata sifa aliitoa kama karipio.

"Na nani atapika?" Pieternella aliuliza.

"Mama, sijasema kwamba..."

"Nimeuliza nani atapika. Nikiuliza nataka nijibiwe."

Kikongwe alimenya ganda jingine, akalitupa motoni.

"Nitapika mimi," alisema. "Watoto watalalamika kwamba supu haina chumvi, na haitakuwa nayo kweli. Siku magoti yakinikamata, Maatje wa hapo kwenye duka la mkate atawachukua wale pacha, nitasema naye. Krijn nitamfunga na kamba kwenye mguu wa meza kama nilivyomfunga baba yake."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Kwa nini nini? Nilizaa tisa, nikazika sita. Hakuna aliyewahi kuniambia, Pieternella, kaa hapa asubuhi hii, fanya unalotaka. Sijui hata ningefanya nini. Labda ningelala. Lakini wewe unajua ungefanya nini, tena kila anayekutazama unaposhika plamu anaona kwamba unajua. Nimechoka kukutazama." Akamgeukia Jozina. "Na wewe acha kuficha mkono. Mkono si mwizi."

Hivyo ndivyo Alhamisi zilivyoanza, na baadaye zikaongezewa Jumatatu.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa mbaya. Tanneke alikaa mbele ya ubao wa Jozina, kwenye chumba kilekile cha Lambrecht chenye madirisha yanayotazama kaskazini, na harufu ya mafuta ya kitani ikampanda puani mpaka machozi yakamlenga. Alipewa kuchora ukingo wa jani moja la tulipu. Akauchora, ukawa mnene kama kamba ya jahazi. Akaufuta. Akauchora tena, ukapinda. Akaweka brashi chini, akafunika uso kwa mikono.

"Mkono umeondoka," alisema. "Dada, umeondoka wote. Nimeupoteza."

Jozina hakumbembeleza kwa maneno, yeye aliyekuwa na maneno ya mtaa mzima. Alivuta kigoda akakaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani kama zamani alipokuwa akikohoa, akaushika mkono wake wenye brashi kwa mkono wake unaotikisika.

"Ubebe huu wangu," alisema. "Ukiwa na kitu kizito unatulia. Na wako uwe na kitu cha kuuongoza. Twende."

Mikono miwili ikaenda. Mstari uliotoka haukuwa mzuri sana, lakini ulikuwa hai. Wakachora mwingine. Kengele za mnara zilipolia saa sita, jani lilikuwa na ukingo, na Tanneke aligundua kwamba alikuwa amesahau kuwaza kama Krijn amekula.

Miezi ikaenda hivyo. Jozina alikaa pembeni, akitazama na kuongoza: hapo pana kivuli cha buluu, si cheusi, hilo waridi limechoka, lionee huruma, shusha shingo yake. Majani makubwa na vitambaa aliendelea kuvipaka mwenyewe asubuhi ambazo mkono ulikuwa na adabu. Vidogo vyote vikawa vya Tanneke: umande, konokono, mishipa ya majani, ukungu juu ya plamu. Mkono ulimrudia kidogo kidogo, na uliporudi haukuwa ule wa usichana. Ulikuwa umeosha watoto na kumzika mmoja, nao uligusa vitu kwa wepesi ambao Lambrecht hakuwa amemfundisha.

Maatje, mke wa mwoka mkate, ndiye aliyekuwa akiwaletea maua. Dada yake alitunza bustani ya tajiri mmoja nje ya ukuta wa mji, na Maatje, mwanamke mnene asiye na aibu, aliyapitisha langoni chini ya aproni yake.

"Leo mlinzi ameniuliza nina mimba ya miezi mingapi," alisema siku moja, akiweka mezani mawaridi makubwa mekundu yaliyojaa sisimizi. "Nikamwambia, ya kutosha kukuaibisha. Haya, chukueni mtoto wenu. Na hao pacha wako, Tanneke, wameng'ata mikate yangu yote upande mmoja ili isiuzwe. Wana akili, Mungu awasaidie."

Kitu kimoja tu kilikaa vibaya moyoni mwa Tanneke. Picha iliagizwa kwa Jozina, na kwa sheria ya chama aliyekuwa na haki ya kuuza na kuweka jina lake ni Jozina peke yake. Jambo hili waliliacha bila kuligusa, mpaka siku lilipoingia lenyewe mlangoni.

Zilikuwa siku za kwanza za vuli. Bibi Adriana, mjane wa mwenye meli, alikuwa ametoka kwenye ibada ya Alhamisi, akaamua kupita kuona picha yake imefika wapi. Alipanda ngazi bila kubisha hodi. Akamkuta Jozina kwenye kiti, mikono mapajani, na mwanamke mwingine mwenye unga kwenye mkono wa gauni amekaa mbele ya ubao, akichora bawa la nzi.

Tanneke aliruka. "Mimi ni msaidizi tu, bibi," alisema haraka. "Nasaga rangi."

"Rangi husagwa kwa brashi siku hizi?" Bibi Adriana aliuliza.

Tanneke alimtazama Jozina, akimwomba kwa macho akubali ule uongo mdogo. Jozina akasimama. Aliinua mkono wake wa kulia ukaonekana vizuri kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu si msaidizi," alisema. "Huyu ni Tanneke, mwanafunzi wa baba yangu kama mimi. Mkono wangu unaugua, bibi. Kila kitu kwenye picha hii ambacho ungekivutia kiti ukitazame ni chake. Ningekwambia mapema, niliogopa utaondoa agizo. Ukitaka kuliondoa, ni haki yako."

Bibi Adriana alivuta kiti, akakaa mbele ya ubao. Alikuwa mwanamke wa kutazama, aliyezoea kukaa na kombe zake mchana mzima akizigeuzageuza. Alitazama umande, akatazama konokono, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa plamu.

"Jozina," alisema mwishowe, "nilikuagiza wewe kwa sababu nakupenda tangu ukiwa mtoto mwenye kelele. Lakini picha za marehemu baba yako ninazo mbili, na zako ninayo moja, na hata moja haijawahi kunitia hamu ya kupangusa ukungu kwa kidole." Akasimama, akakung'uta sketi. "Siichukui ikiwa na jina moja. Nitakuwa ninatundika uongo ukutani kwangu. Wekeni yote mawili."

"Chama hakitakubali, bibi," Jozina akasema. "Yeye si mwanachama."

"Basi twendeni tukawaulize. Mimi sina kazi Jumanne."

Kumbe Jumanne ile hawakwenda wao watatu peke yao. Pieternella alisema naye atakwenda, maana hawezi kupika supu isiyo na chumvi miezi yote halafu asijue mwisho wake. Maatje alifunga duka. Na asubuhi yenyewe Tanneke alipotoka chumbani alimkuta Marinus amevaa koti lake la harusi, limembana mabegani, amesimama kando ya mlango akitazama viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Na nyie," alisema Marinus.

Mkuu wa chama alikuwa mzee mwenye heshima zake, mchora meli. Hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda asubuhi yake ivurugwe na wanawake watano wakiwa pamoja. Aliusogeza ubao waliokuja nao karibu na dirisha, akautazama kwa muda mrefu, akakiri kwamba kazi ni safi. Lakini, alisema, Jozina aliruhusiwa kwa heshima ya baba yake. Huyu ni mke wa fundi mapipa, ana mume wa kumlisha. Leo wakimwandika huyu, kesho watakuja wake wa wavuvi na wa wauza jibini.

"Wakijua kuchora hivyo, waje," Bibi Adriana akasema. "Ukuta wangu ni mrefu."

"Na mkiamua kukataa, mheshimiwa," Pieternella akadakia, "sema kwa sauti. Masikio yangu ni ya kizee, nisije nikasikia kinyume nikaenda kutangaza sokoni."

Mkuu akamgeukia Marinus, kama anayetafuta mwenzake katika shida. "Na wewe, bwana? Mke ni wako. Unasemaje?"

Marinus akawa mwekundu mpaka kwenye masikio. Tanneke alitamani kumsaidia lakini akajizuia.

"Mimi pipa nikilimaliza," Marinus alianza, "nalichoma chapa yangu." Akalivuta koti lililombana begani. "Likivuja, watu wanajua wakamgombeze nani. Likikaa vizuri, wanajua warudi kwa nani. Mke wangu anafanya kazi nzuri. Nimeiona. Juzi nilipanda kule juu wakati hayupo, nikaitazama mpaka nikachelewa kazini." Akamwangalia Tanneke, si mkuu. "Naona naye awe na chapa yake. Ni hayo tu."

Tanneke hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo, hata siku aliyomposa. Alitoa leso, akajifanya anapenga kamasi.

Mkuu alikohoa, akashauriana na wenzake wawili chumba cha pili. Waliporudi walisema Tanneke ataandikwa kama mshirika wa Jozina, na ataweza kuweka jina lake kando ya jina la Jozina. Haikuwa yote waliyoyataka, ila iliwatosha kuanzia. Maatje alimkumbatia mkuu wa chama, na koti lake jeusi likabaki na unga kwa nyuma bila yeye kujua.

Picha ya Bibi Adriana ilifuatiwa na nyingine, na nyingine. Wanawake waliokuja kuona kombe waliona maua, wakauliza. Jozina na Tanneke walifanya kazi pamoja miaka mingi. Ugonjwa haukusimama. Ulitoka mkono wa kulia ukaingia wa kushoto, kisha miguuni, kisha ukaupunguza ule mdomo uliosemea mtaa mzima mpaka yakabaki maneno machache ya polepole. Zile asubuhi mbili zikawa siku zote. Job aliingia kazini kwa baba yake, pacha wakakua wakaingia kwenye duka la Maatje, ambako walikoma kung'ata mikate. Bibi Pieternella, alipoanza kuchoka, alibebwa na Marinus kila asubuhi mpaka chumba cha juu na kuwekwa kando ya Jozina. Vikongwe hawa wawili, mmoja wa umri na mmoja wa maradhi, walikaa wakiikosoa picha kwa pamoja.

Jozina aliposhindwa kushika kijiko, Tanneke ndiye aliyemlisha. Alikuwa akiweka brashi chini, anafuta mikono, anampa uji wa maziwa kidogo kidogo, anampangusa kidevu, kisha anarudi kwenye ubao. Siku moja Jozina alifunga mdomo akageuza uso.

"Unapoteza mwanga," alisema kwa taabu. "Saa hizi... ndizo nzuri. Nenda kachore."

"Mwanga utakuja kesho, dada. Kula."

"Mimi kesho..."

"Kula, nimesema. Wewe ulinifunga shali nikiwa siwezi hata kusema asante. Acha na mimi nikulishe."

Jozina akafungua mdomo.

Alifariki mwezi wa Mei, mchana, dirisha likiwa wazi, Tanneke akiwa amemshika mikono yote miwili. Ilikuwa imetulia. Pieternella, aliyekuwa kwenye kiti chake, alivua kofia yake ya kitambaa akakaa kichwa wazi mpaka jioni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Baada ya maziko chama kilimwita Tanneke. Alikwenda akidhani anakwenda kufutwa, kwa kuwa aliyekuwa mshirika wake hayupo. Walimwambia tu kwamba nafasi ya Lambrecht na ya binti yake iko wazi, naye ndiye mwenye haki nayo. Hakukuwa na mabishano. Alitia sahihi akarudi nyumbani kwa miguu kando ya mfereji, akaanza kulia alipofika darajani, akamaliza kabla ya kufika mlangoni.

Alichora miaka mingi baada ya hapo. Siku moja ya vuli Marinus, nywele zimekwisha kuwa nyeupe, alipanda ngazi na kapu la kuni akasikia sauti ya mke wake ndani ya chumba. Aliingia, akamkuta yuko peke yake mbele ya ubao wenye mapeasi matatu.

"Unaongea na nani?"

"Na Jozina," Tanneke akasema bila kugeuka. "Anasema hili la katikati nimelipaka njano kupita kiasi."

Marinus aliweka kapu chini, akasogea, akalitazama peasi kwa muda.

"Ni kweli?"

"Kidogo," Tanneke akasema, akatabasamu, akachukua kitambaa.

Marinus alipiga magoti mbele ya jiko, akaanza kupanga kuni, moto usije ukazimika.